Ijumaa Aliyotufikisha Mama Kisauni

Sisi tuliokulia Kisauni kabla bendera haijabadilishwa, mwaka wetu ulikuwa na safari moja tu: kwenda Mambrui kwa shangazi. Wajukuu zangu siku hizi wakienda Malindi kwa saa mbili hufika wanalalamika kuwa wamechoka, na hali wamekalia viti laini wakipulizwa na baridi ya mashine. Sisi tulikalia mikeka nyuma ya boksibodi la Baba, gari la mizigo lenye bodi ya mbao iliyoanza kuoza pembeni. Vumbi jekundu lilituingia hadi menoni, tukitafuna mahamri ya jana na kaimati zilizogandana, na tukilia gari likisimama.

Baba alikuwa akishona kanzu na kuziuza mashambani, ndiyo maana tulikuwa na gari. Mwaka ninaousimulia, mimi Zuhura nilikuwa na miaka tisa na uhuru ulikuwa bado unazungumzwa barazani. Baba alikaa usukanini, na Nyanya, mamake Baba, akakaa mbele pamoja naye. Nyuma tulikuwa Mama, mimi, na mdogo wangu Athumani aliyekuwa bado ananyonya. Mama alikuwa mpole mno. Nyanya alizoea kuwaambia majirani, "Mwanahamisi huyu, hata paka hamsikii akipita."

Tulirudi siku ya Alhamisi. Tulipoipita Malindi na kuingia msituni, rejeta ikaanza kutoa mvuke. Baba akasimamisha gari, akainama kuokota jiwe la kuzuilia gurudumu. Chini ya jiwe alikuwapo swila, yule nyoka wa kutema sumu. Sikumwona akitema. Nilichoona ni Baba akiruka nyuma, mikono usoni, akipiga ukelele ambao sikujua mtu mzima anaweza kuupiga.

"Kamtemea macho!" Nyanya alipiga kelele. "Yarabi, mwanangu! Mwanahamisi, mkamulie maziwa ya mtoto, hima!"

Mama alimlaza Baba chini, akamwosha kwa maji ya kibuyu, kisha akamkamulia maziwa machoni pale pale barabarani. Baba alilia kwa sauti. Nilitia vidole vyangu mdomoni nikamtazama. Sikuwa nimewahi kuona chozi lake.

Tulingoja gari lipite. Halikupita hata moja. Mama akamfunga Baba macho kwa kanga, tukamsaidia kupanda nyuma. Kisha akanipa Athumani, akapandisha buibui lake akalifunga kiunoni, akaelekea mbele.

"Waenda wapi wewe?" Nyanya akauliza.

"Kilifi, hospitali."

"Na nani?"

"Na nyinyi, Mama."

Nyanya alipanda nyuma nasi, kichwa cha Baba mapajani mwake. Injini ilipowaka akaanza kutoa shahada, na sidhani ilikuwa kwa ajili ya macho ya mwanawe. Ilikuwa kwa ajili ya roho zetu. Lakini gari liliondoka taratibu, gia ikapanda bila kelele, na mashimo ambayo Baba alikuwa akiyaingia yote, Mama akayazunguka moja moja.

Njiani Baba, ambaye kwa maumivu hakuwa amesikia tuliyosema, akainua mkono. "Ahsante, bwana," alisema kuelekea mbele. "Mungu akulipe. Una mkono mwepesi."

Nyanya alinitazama, akaweka kidole mdomoni.

Kilifi daktari alimwosha macho, akayafunga yote mawili kwa bendeji. Alisema yatapona, ila asiyafungue mpaka aonwe hospitali kubwa Mombasa. Baba akakaa kwenye benchi, akashusha pumzi.

"Yuwapi yule dereva? Hata jina lake sijamwuliza."

Nyanya hakujua kumdanganya mwanawe. "Ni mkeo."

Baba akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Mama Zuhura?"

"Abee."

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nani kakufunza?"

"Marehemu baba. Alikuwa akiendesha lori la shamba la mkonge, na hakujaliwa mtoto wa kiume. Nilianza nikiwa na miaka kumi na minne."

"Mbona hukuniambia?"

"Ilipokuja posa yako, mama aliniapisha ninyamaze. Aliogopa mtaghairi."

"Miaka kumi," Baba alisema. Akageuza uso ukutani. Usiku huo tulilala kwa jamaa zetu pale Kilifi.

Asubuhi yake tulivuka kwa feri. Wanaume walioivuta kwa mnyororo walikuwa wakiimba, lakini walipoona nani yuko usukanini wimbo ukakatika. "Wallahi, mwanamke!" mmoja akasema. Mama alingoja feri itulie, akaliingiza gari polepole kama mtu anayetia uzi kwenye sindano.

Tulipokaribia Bamburi, Baba akasema, "Simamisha."

Mama akasimama.

"Leo Ijumaa. Watu watakuwa wanatoka msikitini. Siwezi kuingizwa mtaani na mke wangu. Tungoje mwanamume yeyote apite."

Mama hakubisha. Alizima gari, akaja kuketi nasi. Akamchukua Athumani kwangu, akamnyonyesha.

Aliyepita alikuwa Bwana Salimu, muuza makaa wa mtaani kwetu. Akasema kuendesha anajua sana. Gia zikalia kama mbuzi anayechinjwa. Gari lilizimika mara tatu, mara ya nne likaruka, likakwaruza mnazi, tukaangukiana nyuma na Athumani akapiga yowe. Baba alikuwa amekaa wima, shingo kainamisha upande, anasikiliza.

"Salimu, teremka."

"Nimeshalizoea sasa, ndugu yangu."

"Teremka, bwana." Kisha kwa sauti ya chini: "Mama Zuhura. Tupeleke nyumbani."

Tulipita mbele ya msikiti watu wamejaa nje. Mzee mmoja alikuwa akivaa viatu, akabaki na mguu mmoja hewani. Mama akatoa salamu dirishani kama alivyozoea kuitoa akienda kisimani, na hakuna aliyeitikia mpaka tumekwisha kupita.

Macho ya Baba yalipona kabla mwezi haujaisha. Akarudi usukanini, Mama akarudi mkekani. Hakuna aliyemkataza. Hakuendesha tena maisha yake yote.

Kisa hiki nimekisimulia harusini na matangani, nikiigiza zile gia za Salimu watu wakashika mbavu. Mwezi uliopita nilimsimulia mjukuu wangu akinipeleka Mtwapa, mkono mmoja usukanini, wa pili kwenye simu, huku akinung'unikia foleni. Hakucheka. Akaniuliza, "Kwa nini aliacha, Nyanya? Alisemaje?"

Nikashtuka kuliko nilivyoshtuka siku ile ya swila. Nilikaa na Mama hadi siku aliyokufa, nikamlisha, nikamsuka nywele, na sikumwuliza hata mara moja. Watoto wa leo midomo yao haina breki, wanauliza kila kitu, na sisi huwagombeza. Sisi tulisifiwa kwa kutouliza. Tuliita adabu. Nikamwambia mjukuu wangu aweke simu chini atazame barabara, na yeye akaiweka, akangoja nimjibu.