Umeme Katika Bafu la Mama

Mama alipohama Kongolo kuja kukaa nasi Lubumbashi, haukupita mwezi akaanza kukwepa kuoga.

"Maji inaniluma," aliniambia asubuhi moja, kitenge cha kuogea kikiwa bado kifuani.

Nilicheka. Nilimwambia hajazoea maji ya moto ya bomba, basi. Tangu siku ile akawa anajipangusa kwa kitambaa chumbani mwake, na mimi nikamweleza dada yangu kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba mama amezeeka na neva zimechoka.

Wiki iliyofuata niliingia bafuni pekupeku, sakafu ikiwa na maji, nikashika bomba. Umeme uliukaza mkono mpaka kwenye kiwiko. Niliruka nyuma nikagonga mlango kwa mgongo. Nilibaki koridoni nikiwaza ni mara ngapi mama alilishika bomba lile kabla hajathubutu kuniambia.

Nilizima umeme wa nyumba nzima, nikatafuta fundi. Wa kwanza alikuwa kijana aliyeletwa na mwenzangu wa kazini. Alifungua kisanduku kimoja tu cha nyaya sebuleni, akatikisa kichwa.

"Vieux, hii nyumba itawaka moto. Nsinga yote, hizi waya, ni ya zamani. Tutoboe bibambazi, tubadilishe yote."

Kutoboa kuta zote! Mke wangu alianza kufunga mizigo ya kwenda kwa wazazi wake.

Jioni hiyo akaja jirani yetu, mzee aliyestaafu kazi ya umeme mgodini. Yeye alicheka.

"Ile nsinga itakuzika weye. Ni chauffe-eau tu njo mubaya," akasema, akilionyesha pipa la kupashia maji lililoning'inia juu ya bafu. "Tosha hii, weka ingine, kwisha. Mi nimetumika kazi ya kuran ya umeme maisha yangu yote. Usiogope bule."

Nilitaka kumfuata mzee. Sikuwa na sababu nyingine ila kwamba maneno yake yalikuwa mepesi. Mke wangu akanizuia.

"Na akikosea? Ni mama yako njo atashika ile bomba. Bale babili, kuko mwenye alipima kintu?"

Hakuna aliyepima. Ndipo akamwita mama mmoja wa parokia yetu, anayefundisha umeme katika shule ya ufundi. Alifika Jumamosi na kipimo chake na viatu vya soli nene. Kabla ya kugusa chochote, aliketi karibu na mama.

"Kambo," alisema, akimwita bibi kwa heshima, "ile maji ilianza kukuluma siku gani?"

Mama akajibu bila kufikiri: "Tangu balimwanga simenti kule nyuma."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Simenti ile ilikuwa ya kibaraza nilichomjengea mama mwenyewe, apate pa kuotea jua. Fundi alizunguka nyuma ya nyumba, akafuata ukuta, akachutama. Waya wa kijani na njano ulikuwa umekatwa pale pale simenti ilipoanzia. Waashi walikuwa wameng'oa chuma chake kilichokuwa ardhini, wakaendelea na kazi yao.

"Hii njo ilikuwa inapeleka kuran mu udongo kintu ikiharibika," alinieleza. "Sasa inapita mu bomba, inamungojea muntu."

Kisha akapima kila kitu, kisanduku kwa kisanduku. Pipa la maji lilikuwa limeharibika kweli, likivujisha umeme, mzee hakukosea. Nyaya za jikoni zilivunjika vidoleni mwake kama vijiti vikavu; kijana naye hakudanganya. Lakini za vyumba vingine zilikuwa nzima, na kuta zake hazikuhitaji kuguswa.

"Ukibadilisha chauffe-eau peke yake," akasema, "siku ingine frigo njo itaua muntu."

Alifanya kazi siku mbili. Alichimbia chuma kipya ardhini, akabadilisha nyaya za jikoni na kitu kilichoharibika ndani ya pipa, akafunga swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Alibonyeza kitufe chake cha majaribio: tak! Nyumba nzima ikanyamaza. Akaiwasha tena, akapima bomba mara mbili, akavua viatu, akasimama kwenye maji na kulishika.

"Sasa weye, papa."

Nilishika. Chuma tu. Nikacheka peke yangu kama mlevi.

Nilimkuta mama kibarazani. "Mama, unisamehe. Ulisema kweli, mi nikacheka."

"Ulifikiri niko na wazimu," alisema, akinyanyuka. "Lete sabuni."

Alioga mpaka kioo cha koridoni kikafanya ukungu. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisa, beti zote. Mke wangu alisimama nje na taulo mkononi, akaninong'oneza nimwache. Alipotoka, uso ukiwa unang'aa kwa mafuta, aliuliza bukari, ugali wetu, itaiva saa ngapi.