Geti la Simba Wawili

Mfikirie anavyoingia mtaani. Mbele anatembea yeye, mwanamume wa miaka arobaini na tano, mfupi, mabega mapana, ovaroli lina matundu madogo madogo kama limepigwa na mvua ya moto. Nyuma yake wanaume wanne wanasukuma mkokoteni, na juu ya mkokoteni limelala geti. Yeye hasukumi. Anatembea polepole, mikono nyuma, kama baba anayemtoa binti yake siku ya harusi, na kila hatua tatu anageuka kuangalia kama limekwaruzwa.

Huyo ndiye Cheche. Jina alilopewa na mama yake wanalijua watu wachache. Mtaani na karakanani kote anaitwa Cheche, kwa sababu ya kazi yake ya kuchomelea vyuma.

Na geti lenyewe! Wacha nikueleze, maana ukiambiwa tu "geti" utaliona dogo. Lilikuwa na vipande viwili vya chuma kizito, kimoja kila upande, vimepakwa rangi nyeusi mara tatu mpaka ukijitazama unajiona. Juu kulikuwa na mikuki kumi na minane, ncha zake za dhahabu. Katikati, kila kipande kilikuwa na kichwa cha simba, mdomo wazi, meno nje. Bawaba alizifungia beringi za gari, hata mtoto angelisukuma kwa kidole. Pembeni, kwenye nguzo, aliweka kengele ya kubonyeza. Miaka ishirini na tano Cheche alitengenezea wengine mageti kama hayo, na kila tajiri aliyeagiza alitaka kidirisha cha kuchungulia. Kwenye geti lake mwenyewe hakuweka. Chuma kile kilikuwa kizima, kisafi, bila alama, na aliona kukitoboa ni kukiharibu.

"Mtu anayechungulia ni mtu mwenye wasiwasi," alimwambia mke wake. "Mimi sina wasiwasi na mtu."

Mke wake alitazama geti, akatazama nyumba iliyokuwa nyuma yake. Vyumba viwili, ukuta haujapigwa lipu, na bati la upande wa jikoni limewekewa jiwe lisipeperuke.

"Baba watoto," akasema, "simba hawa wanalinda nini?"

Mtaa nao haukumwacha. Walipita wakatazama, wakatikisa vichwa, wakaendelea na safari zao. Wenzake wa karakanani walimuuliza nyumba ataichomelea lini. Mama Duka, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, alisimama mlangoni kwake mikono kiunoni.

"Shemeji, geti zuri, hongera. Sasa mke wako akiishiwa chumvi atanijia, au ataniandikia barua?"

Cheche alicheka nao. Hakuumia, kwa sababu geti lile hakuwatengenezea wao. Alimtengenezea mtu mmoja tu.

Mtu huyo ni dada yake. Wazazi walipofariki, Cheche alikuwa na miaka minane na dada alikuwa na ishirini. Dada hakuolewa. Alikuwa dobi wa majumbani: asubuhi anatoka na kipande cha sabuni kwenye mfuko, anazunguka nyumba za wenye uwezo, anafua, anaanika, anapiga pasi ya mkaa mpaka vidole vinakakamaa. Kwa vidole hivyo alimlisha mdogo wake na kumvika.

Cheche alipofika miaka kumi na tano alijifundisha kuunga vyuma chakavu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa mlango wa banda la kuku la dada. Alikata, akapinda, akagonga, akauwekea na komeo alilolifua mwenyewe kutoka kwenye kipande cha nondo. Siku ya tatu mlango ukang'oka wote, paka akaingia, kuku watano wakaisha. Dada alirudi jioni amechoka, akakuta manyoya uani na majirani wamejaa. Akasema mbele yao wote:

"Wewe! Banda la kuku limekushinda, utakuja kumfungia nani geti?"

Majirani wakacheka. Mwezi ule ule Cheche akaondoka kwenda kujifunza kazi mji mwingine.

Hawakuwa maadui, usinielewe vibaya. Walipigiana simu sikukuu, walitumiana salamu na vitenge. Dada alikuja mara moja, kwenye harusi ya Cheche, akaliona geti la wakati ule lililoungwa kwa mabati ya mapipa, akauliza kwa utani, "Linafunguka hili?" Watu wakacheka tena. Lakini neno lile la banda la kuku lilikuwa limemwingia Cheche kama kichembe cha chuma kinavyoingia jichoni. Kila geti alilomaliza, alirudi nyuma hatua tano, akalitazama, na moyoni akasema: angeliona dada. Alitaka dada asimame mbele ya geti ambalo ni la Cheche mwenyewe, abonyeze kengele, halafu aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba mdogo wake ni fundi. Basi. Hakutaka kingine.

Kwa hiyo geti lilipokaa sawa kwenye nguzo, akampigia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona sauti ina furaha hivyo, umepata mtoto mwingine uzeeni?"

"Njoo tu Jumatano. Kuna kitu nataka ukione. Sikwambii."

"Miguu yenyewe ndiyo hii, lakini nitakuja. Hata mimi nina kitu changu cha kukuletea. Sikwambii!"

Jumatano Cheche hakwenda karakanani. Alivaa suti yake ya harusi, ambayo kifungo cha tumbo kilikuwa hakifiki tena, akatoa kiti uani, akakiweka hatua sita kutoka getini. Saa nne alipiga simu ya dada, akapokea jirani yake: "Simu kaiacha hapa ichajiwe. Yeye katoka asubuhi na mapema."

"Tuliache wazi," mke wake akasema. "Mgeni akija aone watu."

"Hapana. Abonyeze kengele."

"Mtu mzima yule, ana mguu mbovu—"

"Mama watoto, abonyeze kengele. Nimesubiri miaka thelathini, nitashindwa kusubiri kengele?"

Akakaa. Saa sita ikapita. Saa saba jua likasimama juu ya kichwa, chuma kikaanza kutoa joto mpaka pale alipokaa. Aliwahi kusikia mtu akikohoa ng'ambo ya barabara, kikohozi kikavu, mara mbili, akadhani ni wateja wa Mama Duka, akasahau kwamba Jumatano Mama Duka hufunga kwenda kununua bidhaa. Saa nane akaanza kununa. Saa tisa akajiambia kwamba dada amebadili mawazo, kwamba hata leo anamwona ni yule yule wa banda la kuku. Saa kumi akavua koti.

Jioni, alipofungua geti mwenyewe kumwaga takataka, akamkuta muuza maji amepumzika kwenye jiwe la mbele ya duka, madumu yake kando. Kijana huyo alikuwa na wiki mbili tu pale mtaani.

"Bosi, kumbe watu mpo?" akasema. "Yule bibi amewasubiri mpaka amechoka."

"Bibi gani?"

"Mmoja hivi, ana fimbo, kajifunga kitambaa cha bluu. Alikuwa kakaa hapa hapa kwenye jiwe tangu saa sita. Alinitajia jina la mtu nisilolijua, akauliza geti la mabati ya mapipa liko wapi, nikamwambia mtaa huu sijaliona. Akasema basi atasubiri wenye geti hili watoke, awaulize njia."

Cheche akaziweka chini takataka. "Mbona hukumwambia abonyeze kengele?"

"Nilimwambia! Akanicheka. Akasema, 'Mwanangu, nimefua nguo kwenye nyumba za mageti haya miaka arobaini. Kengele zao ni za wageni wao. Mtu kama mimi anakaa upande wa pili, wakitoka ndiyo anasema nao.' Nikampa maji, nikamwambia, bibi, hapo hawatoki hao. Kaondoka saa tisa na nusu hivi, anashikilia ukuta."

Hatua sita na upana wa barabara. Hesabu mwenyewe. Yeye kwenye kiti, dada kwenye jiwe, na katikati yao chuma kile kizima, kisicho na tundu hata la sindano.

Basi la kwanza la kesho yake lilimkuta Cheche kituoni. Njia nzima alijipanga maneno: nitamwambia lilikuwa langu, nitapiga magoti, nitamwambia anisamehe.

Dada alikuwa kitandani, kitambaa kibichi kwenye paji la uso. Chumba kilikuwa kile kile, kinanuka sabuni na nguo safi, pasi ya mkaa iko juu ya rafu imepata kutu. Alipomwona, akacheka mpaka akakohoa, kikohozi kikavu, mara mbili, na Cheche akakitambua.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Njoo ukae. Jana umenihangaisha wewe! Nimekutafuta mpaka jua limenipiga kichwani. Lile geti lako la mapipa umelipeleka wapi?"

"Dada, nilitaka nikwambie—"

"Subiri kwanza, kabla sijasahau. Angalia mlango wangu. Hilo komeo limelegea. Nililing'oa jana nikakuletea ulikaze, nimerudi nalo, nimelipachika hivyo hivyo. Nimelala na mlango unacheza."

Cheche akageuka. Kwenye mlango wa dada kulikuwa na komeo la nondo, limepindwa vibaya, limeng'aa kwa kushikwa. Alilijua kabla hajaligusa. Kazi ya mkono wa mtoto haifichiki.

"Hili si la—"

"La banda la kuku. Mlango ulianguka, komeo halikuwa na kosa. Nikaliweka hapa. Kila anayeingia namwambia, hili kalifua mdogo wangu akiwa na miaka kumi na tano. Waulize majirani, wamechoka kusikia."

Cheche alipiga magoti, lakini mbele ya mlango, bisibisi mkononi, ili uso wake usionekane.

"Dada, unakumbuka ulichoniambia siku ile? Kuku walipokufa?"

"Nilisema nini?" Alifikiri kidogo. "Nakumbuka tulilala njaa. Nilisema kitu?"

"Hapana," akasema Cheche. "Hukusema kitu."

Akakaza skrubu ya kwanza. Akakaza ya pili. Nyuma yake dada akaendelea, sauti imetulia, kama mtu anayesimulia ndoto.

"Lakini jana nimeona geti. Uuu! Simba hao, mikuki ya dhahabu. Aliyelitengeneza anajua kazi, nakwambia wewe ambaye ni fundi. Ila hajui watu. Hata tundu la kuchungulia hakuweka. Nimekaa pale nikawaza, hawa waliomo ndani hata mtu akifa mlangoni kwao watajuaje? Niliwahurumia, kweli. Geti lile ni la nani?"

Bisibisi ikasimama. Neno alilolingoja miaka thelathini lilikuwa limeshasemwa, anajua kazi, na mwenye kulisema hakujua anamwambia nani. Angegeuka tu. Angesema, ni langu, dada. Na dada angejua papo hapo nani alimwacha juani.

"La mtu mmoja," akasema. "Simfahamu vizuri."

"Haya," akasema dada. "Jaribu komeo."

Akajaribu. Likaingia, tak, likatulia.

"Unaona? Hiyo sasa ndiyo kazi."

Dada alifariki mwezi wa pili baada ya hapo. Daktari alisema ni presha ya siku nyingi, na huenda ni kweli. Kwenye msiba, majirani zake walimwonyesha Cheche ule mlango, kila mmoja kwa wakati wake, wakimweleza nani alilifua lile komeo, bila kujua kwamba ni yeye. Waliojua walimshika mkono.

Aliporudi nyumbani alichukua grinda, akamkalisha mke wake kwenye lile jiwe la ng'ambo, akamwambia, "Nyosha kidole usawa wa macho yako." Akatoboa pale kidole kilipoelekea. Dirisha dogo, chini sana, kwenye shingo ya simba wa kushoto, mtu aliyesimama hawezi kuchungulia mpaka ainame. Rangi ilibabuka, hakuipaka tena. Mtaani wanasema Cheche kaharibu geti zuri. Ila chumvi ya Mama Duka siku hizi inapitia hapo.

Lakini lile jibu alilompa dada bado linamsumbua. Siku nyingine anasema alimhurumia dada, siku nyingine anasema alijihurumia mwenyewe. Mimi nimemsikiliza mara nyingi. Hebu wewe: umepiga magoti mbele ya mlango ule, komeo lako la utotoni liko mkononi, na dada yako, kitambaa kibichi kichwani, anakuuliza geti lile ni la nani. Ungemjibu nini?