Debe la Majivu

Kama kuna jambo ninalolisimulia bila kuombwa, ni hili la kumtafutia mbwa wangu mahali pa kulala. Wanangu wamelichoka. Husema majivu yale ndiyo yaliyoniachia majivuno, na mimi sikatai.

Ilikuwa wakati wa kuhamishiwa vijijini. Lori lilikuja shambani kwetu, upande wa Makote, likapakia vyungu, kuku, mama mkwe na mimi, likatushusha kwenye kijiji kipya chenye nyumba zilizopangwa mstari. Mume wangu alikuwa kibarua Mtwara, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili na mbwa jike mwekundu niliyepewa na baba siku naolewa. Kwa ajili yake nguruwe pori hawakugusa mihogo yangu, na mihogo ndiyo tuliyokula.

Lakini kila jua likishuka, mbwa aliondoka. Alirudi mahame, kule tulikohamishwa, akalala huko peke yake, na asubuhi nikamfuata. Sikuwa na wasiwasi mpaka balozi wetu wa nyumba kumi alipokuja na habari. Vita ilikuwa ng'ambo ya Ruvuma tu hapo, na mgambo walikuwa wameambiwa kuwa kuanzia Ijumaa, chochote kitakachotikisika mahame jioni kipigwe risasi.

"Hata mbwa?" nikauliza.

"Mama, risasi haiulizi una miguu mingapi."

Nikaanza kutafuta kitanda. Nikamtandikia gunia la korosho. Akalinusa, akapiga chafya, akaenda zake. Nikamtandikia mkeka mkuukuu. Akaukanyaga kwa adabu kama mgeni asiyetaka kuudhi, kisha akaenda zake. Nikamwekea sanduku la sabuni lenye nyasi kavu. Kuku akatagia humo. Nikamfunga kamba, akaitafuna.

"Mwanangu, unajisumbua," mama mkwe akasema. "Mbwa analala chini."

Nilijua analala chini. Nilichotaka kujua ni chini gani.

Alhamisi nilitoka na debe kwenda kuteka maji bondeni, nikapitia mahame kumchukua. Nikamkuta kwenye jiko letu la zamani, paa limeshaondolewa, kajikunja katikati ya mafiga matatu. Baridi ya kwetu miezi ile inauma, naye tangu mdogo alikuwa akisubiri tumalize kupika, aingie kwenye jivu la moto. Alipoinuka, jivu lilibaki na umbo lake mpaka mkia. Nikacheka peke yangu. Kule kijijini tulipikia nje, leo hapa kesho pale, tukikwepa upepo. Jivu la kulalia lingetoka wapi?

Maji nikayasahau. Nikajaza debe majivu, nikajitwika, mbwa nyuma yangu.

Sasa, kwetu juu hakuna maji, na mwanamke mwenye debe kichwani anayetokea upande usio na kisima ni habari kubwa. Jirani yangu mmoja aliniona kwa mbali.

"Dada, umeyapata wapi?"

"Mahame!" nikajibu, nikidhani ameona majivu. "Yako tele!"

Nilipofika nyumbani nilikuwa na msururu wa wanawake nyuma yangu, wamebeba madebe na mitungi. Nikatua, wakachungulia. Majivu ya mahame kuingizwa kijijini, kwetu hilo hunuka uchawi, si la kuchekea.

"Huyu anatuletea nini?" mmoja akasema, akirudi nyuma.

Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga. Balozi akaitwa. Shingo yangu ilikuwa imenyooka.

"Ni kitanda cha mbwa," nikasema. "Sisi wote tumekuja na vitanda vyetu. Yeye chake kilisahauliwa."

Jirani aliyeniuliza njiani ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya mtungi wake mtupu, na wengine wakamfuata. Mbele yao nikafukua shimo kwenye kibanda cha kuku, nikapanga mawe matatu, nikamimina. Mbwa akazunguka, akazunguka tena, akalala.

Lakini kulala mchana si kulala. Ijumaa jioni tulisikia mlio wa bunduki upande wa mahame. Majirani wakaja mmoja mmoja. "Pole, dada." "Pole sana." Nilikuwa nimekaa mlangoni, na sikwenda kibandani kuangalia. Niliogopa, nasema wazi.

Mama mkwe akaenda yeye. Akainama, akachungulia, akakaa humo kidogo. Alipotoka mikono yake ilikuwa na majivu mpaka kwenye viwiko.

"Rudini na pole zenu," akawaambia. "Yumo, anakoroma."

Kisha akaingia ndani kwenye mtungi wa maji, mtungi ambao hata mimi sikuruhusiwa kuugusa kabla ya kumwomba. Akachota kata nzima, akapita mbele ya watu wote, akaenda kumwekea mbwa wangu.