Mikono ya Grisi

Grisi ina harufu nzuri, na anayebisha hajawahi kuinusa vizuri. Nikiisikia popote, hata kwenye mnyororo wa baiskeli ya mwalimu wetu wa hesabu, narudi kwenye likizo ile nilipokuwa na miaka kumi, hapahapa Luzira, kwenye chumba chetu katika nyumba za wafanyakazi, ambako kuta zilitetemeka kutwa kwa kelele za kiwanda cha nguo. Chaka-chaka, chaka-chaka. Mtoto wa jirani alisema "chaka" kabla ya kusema "mama". Baba alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma. Alitoka Bungoma, ng'ambo ya mpaka, bado kijana kuifuata kazi hiyo, naye Mama akamfuata yeye. Wahindi wenye kiwanda walikuwa wamekwisha kufukuzwa nchini, na kiwanda kikapewa afande mmoja ambaye kuhusu nguo alijua jambo moja tu, kuzivaa. (Daftari hili nalificha chini ya unga, siku tukiwa na unga.)

Kila jioni Baba alirudi na mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, akiitanguliza mlangoni kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mama alipasha maji, akatoa kipande cha sabuni alichokificha ndani ya kopo la chumvi, akamnawisha polepole. Sabuni ilikuwa imepotea madukani. Mimi na kaka zangu tulioga kwa maji na matumaini. Nikiuliza, "Na sisi je?" Mama alijibu, "Nyinyi mmefanya kazi gani?" Hapo Baba alicheka, akainua kidevu, akala chakula chake kama mtu anayedai haki.

Siku moja Mama alinituma nimpelekee Baba viazi vitamu na maharage kiwandani. Mlinzi akanipisha. Mitambo sita ilikuwa inaruka na kugonga kwa nguvu zake zote, na hakuna hata mmoja uliokuwa na uzi. Wahenga wanasema debe tupu haliachi kuvuma. Nadhani nao walipita Luzira. Wafanyakazi walikuwa wamekaa kwenye magunia wakicheza omweso, wakihamisha kete kutoka shimo hadi shimo, na mmoja alikoroma. Baba peke yake alikuwa amesimama, akiufuta kwa kitambaa mtambo uliokwisha kung'aa.

"Mbona hakuna nyuzi?" nikamuuliza Mzee Kato, aliyekuwa anashinda mchezo.

"Ziliisha zamani, nyabo," akanijibu, kana kwamba mimi ni bibi mkubwa. "Afande anakaa nyumba ile ya nyuma, anatusikiliza tu. Kelele ikiwepo, kazi ipo."

Mimi mkono wangu haukai. Palikuwa na mpini mwekundu pembeni ya mtambo wa Baba, nikauvuta nione. Mtambo ukanyamaza. Papo hapo dirisha la nyuma likafunguka, afande akafoka:

"Mashine ni sita! Mimi nasikia tano! Ya sita nalala?"

Baba aliruka akaurudisha mpini, jasho likimtiririka. Mwezi uliotangulia mwenzao mmoja alifukuzwa kwa ukimya wa dakika chache, na chumba chake kikachukuliwa siku ileile. Niliogopa kutoka nje, nikajificha nyuma ya magunia mpaka king'ora cha jioni. Ndipo nikamwona. Wenzake walipokuwa wakikusanya kete, Baba alifungua kopo la grisi, akazamisha mkono mmoja, kisha wa pili, akajipaka mpaka kwenye viwiko, akaigeuza mikono mbele ya macho kama bibi harusi anayekagua hina yake.

Sasa, mjue kwamba mimi ndiye niliyekuwa mchekeshaji wa ile nyumba ndefu yenye chumba chetu. Kila jioni niliigiza watu barazani, na majirani walikuja na vigoda vyao. "Nekesa, leo ni nani?" wakauliza jioni ile. Nilikuwa na kichekesho kikubwa kuliko vyote vya maisha yangu. Nikaanza, "Chaka-chaka, chaka-chaka," nikaingiza mkono kwenye kopo la hewani. Baba alikuwa mlangoni, mikono ndani ya beseni la Mama. Akainua macho. Hakukasirika. Alinitazama tu, kama mtu aliyesimama kizimbani akingoja hakimu, na hakimu mwenyewe ndiye mimi, kamasi puani.

Mkono wangu ukakwama. "Huyo ni nani sasa?" akapiga kelele jirani yetu Mama Okello.

"Ni mimi," nikasema, "najipaka mafuta ambayo hatuna."

Walicheka kidogo tu. Baba akarudisha macho kwenye beseni.

Asubuhi, bombani, nikashindwa kuvumilia. "Mama, ile sabuni..."

"Nyamaza."

"Lakini ile grisi si ya..."

"Grisi ya kazi huingia chini ya kucha," akasema akikamua shati. "Nimemnawisha miaka kumi na miwili. Unafikiri sijui?"

"Sasa kwa nini unaimaliza sabuni?"

"Wewe ulitaka arudi na nini?"

Sasa nina miaka kumi na sita. Juzi mwalimu alituuliza tunataka kazi gani. Wenzangu wakasema daktari, rubani. Mimi nikasema nataka kazi ya kusikiliza mitambo, nikapewa adhabu ya kufyeka nyasi za uwanja mzima. Kazi mbaya si mchezo mwema, lakini nilipomaliza niligeuka mara tatu kutazama nilipopita.

Kiwanda bado kinapiga kelele, na Baba bado anakwenda. Siku hizi sabuni haipo hata ya kuficha, kwa hiyo anarudi na mikono mikavu, safi, na haitangulizi tena mlangoni, anaiweka mifukoni. Mama bado anapasha maji. Anaweka beseni mbele yake, na Baba anaitoa mikono ile, anaitumbukiza, na Mama anaisugua, kucha kwa kucha. Mimi nakaa pembeni na vitabu vyangu, mguu wangu chini ya meza ukipiga chaka-chaka, mpaka Mama aseme, "Nekesa, tuliza huo mguu." Hautulii.