Kofia ya Mtungi wa Saba

Mimi, Stamen Penchev, nimebadilisha mitungi ya gesi ya kuzimia moto kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo kiungo kilichofanya kazi kuliko vyote ni mdomo. Mke wangu husema siku nikifa watanizika mara mbili, kwanza mimi, kisha mdomo ukishachoka.

Kila mwaka hufika kwenye hifadhi moja ndogo ya nyaraka hapa mjini Ruse, kwenye chumba cha chini, ambako mitungi minane mirefu kama mimi imefungwa ukutani kwa mikanda ya chuma. Moto ukizuka, gesi ndiyo huuzima, maana maji yangeharibu karatasi. Mtungi uliopungua presha naung'oa, naweka uliojaa. Ila hata uliopungua bado una nguvu ya kuua, ndiyo maana nilitunga sheria: mimi nataja hatua, na Dobrina, mtunza nyaraka, anaitazama kwa macho yake na kusema "Nimeona." Asiposema, sisogei.

Sheria hiyo ina hadithi yake. Ujanani, kiwandani, niliona mtungi usio na kofia ya chuma ya kulinda vali ukianguka. Vali ikakatika, mtungi ukafyatuka ukatoboa ukuta. Mwaka wa kwanza nilipomsimulia Dobrina, shimo lilikuwa la ukubwa wa sahani. Kufikia mwaka jana, gari lilipita humo bila kukunja vioo vya pembeni.

Jumanne nilifika na banitsa yangu, andazi la tabaka lenye jibini, na chupa ya boza, kinywaji chetu kizito cha nafaka, nikala huku nikihubiri. Feni ilikuwa ikipeperusha karatasi zangu za kazi pale juu ya kreti, nikaweka kitu kizito juu yake. Tukaanza na mtungi wa saba, uliopungua presha.

"Kifyatuzi cha umeme nimechomoa."

"Nimeona."

"Bomba nimefungua, tundu la gesi nimeziba."

"Nimeona."

"Basi ule mtungi, Dobrina, ulivyoruka..."

"Najua, mzee. Gari likapita kwenye shimo."

"Lori!"

"Haya, lori. Mwakani treni, na abiria wake."

Nilicheka, nikaendelea na lori langu mpaka likatoka upande wa pili wa ukuta. Kisha nikasema, "Kofia nimevika," mkono ukiwa tayari kwenye mkanda.

Dobrina akanyoosha shingo kutazama juu ya mtungi.

"Kofia nimevika!" nikarudia, kwa sauti ya mwalimu aliyechoshwa na darasa.

"Sijaona."

"Vaa miwani basi, bibie. Mimi kazi hii naifanya nimefumba macho."

Na kweli nilikuwa kama nimefumba, kwa sababu nilishalegeza mkanda wa juu. Mtungi ukainama, upana wa kidole tu.

"Stamen! Kofia imekalia karatasi zako!"

Niliukumbatia mtungi kwa mikono miwili. Vali ilikuwa wazi mbele ya pua yangu, na kofia ilikuwa kule juu ya kreti, imetulia kwenye karatasi, ikiwa na chembe za banitsa. Nilikuwa nimeisema, nikaamini nimeivika. Niliogopa sana, nisifiche.

Mlango ulikuwa nyuma ya Dobrina, angeweza kukimbia. Badala yake alichukua kofia, akaifuta kwa sketi yake, akaja akaivika na kuikaza mpaka mwisho. Ndipo nikafunga mkanda tena.

"Sasa sema," akaniambia.

"Kofia... umevika wewe."

"Nimeona."

Tukakaa kwenye kreti. Nilimmiminia boza iliyobaki, nusu ikaingia kwenye kiatu changu. Nilimtazama pale alipokaa, nikaona aibu mpaka masikioni. Miaka yote hii nilidhani hasikilizi.

"Dobrina," nikasema, "lile shimo la kiwandani. Halikuwa la lori."

"Nilijua."

"Wala gari. Lilikuwa la ukubwa wa sahani tu."

Akaiweka boza chini.

"Sahani ya chai au ya supu?"

"Ya supu."

Akaweka viganja viwili kifuani pake, akapima polepole upana wa sahani.

"Linanitosha mimi," akasema.