Utani Ulioandikwa Polisi

Shughuli nzima ilinigharimu shilingi elfu moja mia nane na sabini, siku thelathini na moja za kazi na jozi ya viatu. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili nilipata kiasi kile kile, nikasikitika, maana nilitegemea nimekosea.

Ilikuwa miaka ile ambayo hata sabuni ilikuwa na foleni yake. Nilikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea mihogo na mananasi yaliyovushwa kwa kivuko kutoka Kamanga, nikiwapelekea wachuuzi wa Mabatini. Nasema nilikuwa nayo, lakini robo tatu yake ilikuwa ng'ombe wa kaka yangu, kumi na wanne, waliouzwa mnadani ili inunuliwe. Kaka alitoa sharti moja tu: niikatie bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likiumia. Nilikata huku roho inaniuma.

Siku ya ajali, lori la jeshi lilitokea njia ya pembeni pale Mabatini, likaingia barabara kubwa bila kusimama, likanikuta. Lenyewe lilichubuka rangi kidogo kwenye bampa. Pikapu yangu ilipoteza taa zote mbili, boneti na rejeta. Mananasi yalitawanyika barabarani, na watu wakaja kunipa pole huku wakiinamainama.

Wakaruka askari sita, na dereva wao, koplo mmoja mrefu, akanijia amekunja ngumi. Kosa lilikuwa lake. Alijua, nami nilijua. Lakini siku hizo humwambii mwanajeshi jambo kama hilo mbele ya wenzake.

"Wewe raia, huna macho?" akafoka.

Lafudhi ilikuwa ya pwani kabisa. Nikaona mlango.

"Afande, wewe Mzaramo?"

"Mzaramo. Kwani vipi?"

"Basi nimekugonga makusudi! Mimi Msukuma. Nimekuona kwa mbali nikasema, mali yangu ile inapita na haijanisalimia."

Kwa asiyejua: Msukuma na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani humkasirikii hata akikuchukulia kofia msibani. Ngumi ikafunguka.

"Kumbe ndiyo maana!" akasema koplo. "Mmezoea kuswaga ng'ombe, mkipewa usukani mnadhani ni pembe."

Wenzake wakacheka hadi wakashika magoti. Mmoja alinisaidia kusukuma gari pembeni. Nikajiona mjanja kwelikweli: meno yangu yote nimeyaokoa kwa maneno matupu.

Trafiki sikumwona. Alikuwa kijana mpole wa Bukoba, ametoka chuoni juzi, amesimama nyuma yangu na daftari lake. Alipima barabara kwa hatua, akaandika, akanipa nisaini. Mimi ninayehesabu chenji ya mkate mara mbili nilisaini bila kusoma, kwa sababu jicho langu lilikuwa kwenye mananasi.

Wiki tatu baadaye, kwenye ofisi ya bima, mama mmoja karani alinisomea ile karatasi kwa sauti: "Dereva wa pikapu alikiri mbele yangu kuwa amemgonga mwenzake makusudi, akitoa sababu kwamba hakusalimiwa." Akavua miwani. "Ndugu, bima hailipi makusudi."

"Mama, ule ulikuwa utani."

"Hapa hakuna utani. Kuna makusudi, na chini yake kuna saini. Siyo yako?"

"Ni yangu."

"Ina mkia mzuri." Akalifunga faili. "Niletee barua ya mwenye mamlaka, ithibitishe kwamba huyo koplo ni mtani wako."

Nikaanza kutembea. Yule trafiki alinipa shikamoo ya adabu na akasikitika kweli. "Mzee, sisi kwetu mtu akisema jambo, amelisema. Na karatasi imeshapanda juu. Siwezi kuishusha." Nikaenda kambini mara nne, na safari tatu niliishia getini. Ya nne nikaonana na ofisa.

"Unataka jeshi liandike kabila la askari?"

"Ndiyo afande. Kwa ufupi tu."

"Ndugu, nchi hii inajenga ujamaa. Kwenye mafaili yetu hakuna kabila. Kuna jina, namba ya askari na namba ya kiatu."

"Basi niandikie hiyo ya kiatu, mengine nitaeleza mwenyewe."

Hakucheka. Balozi wetu wa nyumba kumi naye alinishauri nisizunguke mjini nikiulizia makabila ya watu, naweza kueleweka vibaya. Watu walikuwa wanataniana kutwa nzima, sokoni, misibani, kwenye foleni za sukari, na hapakuwa na mhuri hata mmoja wa kuthibitisha.

Pikapu ilikuwa imelazwa kwa fundi Butimba, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Kaka alikuja kutoka kijijini, akaizunguka.

"Ng'ombe wangu ndio wamelala hapa?"

"Ndiyo, kaka."

"Wataamka lini?"

Nikawafukuza kuku kitini. Alikuwa na binti wa kupeleka shule na boma tupu. Akalala kwangu siku mbili, akaondoka bila kuuliza tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mke wangu akasema, "Si umfuate koplo mwenyewe?" Sikutaka, kwa sababu hesabu hiyo nilikuwa nimeshaipiga. Maneno yangu yakithibitika ni utani, kosa linamrudia aliyeingia barabara kubwa bila kusimama. Karatasi iliyoniua mimi ndiyo iliyomlinda yeye.

Nilimfuata hata hivyo. Nilimkuta kilabuni Jumapili, nikamweleza yote, pamoja na hilo la kosa. Akaiweka chini kata yake ya pombe.

"Msukuma akifika kuomba," akasema, "ujue zizi limekauka."

"Limekauka, mtani."

"Kesho saa nne."

Alifika saa nne kamili, amevaa sare. Karani akauliza, "Huyu ni nani wako?" Kabla sijafungua mdomo, koplo akadaka: "Mama, huyu ni mali yangu. Babu alimwacha huku achunge mizigo, akajisahau. Huna kamba hapo nimfunge?" Foleni nzima ikaangua kicheko, na yule mama akajificha nyuma ya faili, mabega yanatikisika. Koplo akangoja watulie. Kisha akasimama wima, akasema polepole, "Niliingia barabara kubwa sikusimama. Andika." Mama akaandika. Koplo akaisoma karatasi yote mpaka chini, ndipo akasaini.

Bima ililipa baada ya miezi mitano, ikakata hiki na kile. Zile shilingi nilizotaja mwanzoni ndizo zilizobaki juu yangu kulipa. Pikapu iliamka. Kaka alianza kurudishiwa chake, ndama kwa ndama.

Halafu nikasikia, tena kwa askari mwingine, kwamba koplo si koplo tena. Alishushwa cheo kwa kosa la barabarani, na kwa kutoa maelezo nje ya kambi bila ruhusa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuniambia.

Nilipiga hesabu ya tofauti ya mshahara, mwezi kwa mwezi, nikampelekea fungu la kwanza kwenye bahasha. Akafungua, akachungulia.

"Mali yangu inanilipa kwa hela yangu? Hii si yangu tayari?"

Akatoa noti moja, akaagiza bia mbili, nyingine zote akanisokomezea mfukoni.

"Mtani, leo sitanii," nikamwambia.

"Kwani nani kasema mimi natania? Ukifa nachukua pikapu." Akacheka, lakini alicheka peke yake.

Nimejaribu mara tatu tangu hapo. Sasa amestaafu, yuko kwao Pwani, nami magoti hayaniruhusu safari. Nikimtumia salamu, anarudisha matusi, na mimi sijui mpaka leo kama alinisamehe au aliumia akanificha, maana tangu Jumapili ile ya kilabuni hajawahi kuniambia neno lisilo la utani. Basi nyie Wazaramo mnaosoma hapa, naomba mnishauri: jambo la namna hii kwenu hulipwa kwa mkono wa nani? Nimpelekee mkewe, au wanawe, au nimwandikie yeye mwenyewe, na kama ni kuandika, nianzeje ili asicheke?