Sweta ya Baba Katika Maji ya Moto

Mama alinipigia simu kutoka Nkoma wakati wa kuchuma pamba, akasema nondo, wale wadudu wa nguo, wameingia kwenye sanduku. Sikuuliza wamekula nini. Katika sanduku lile la bati kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho angenipigia simu kwa ajili yake.

Baba alikuwa amefariki miaka mitatu kabla ya hapo. Msiba ulipokwisha, nguo zake ziligawiwa kwa ndugu kama ilivyo desturi: koti kwa mdogo wake, viatu kwa shemeji, mashati kwa wajukuu. Ilipofika zamu ya sweta, haikuonekana. Walitafuta chumbani, wakatafuta stoo. Mama alikuwa kwenye mkeka na hakuinuka tangu asubuhi, hata chai aliletewa pale pale. Mwishowe watu walielewa, wakageukia mambo mengine. Alikuwa ameikalia.

Ilikuwa sweta nzito, nyekundu kama tofali lililochomwa, ambayo baba aliichagua mwenyewe katika rundo la mtumba mnadani. Aliivaa shambani miezi ya baridi, asubuhi, mpaka jua likolee. Baada ya kifo chake mama aliivaa kwa utaratibu ule ule. Jua likikolea aliivua, akaikunja, akairudisha sandukuni. Hakuna aliyemwambia aache.

Mimi ni fundi cherehani. Nafanyia kazi barazani karibu na stendi ya Bariadi. Jumamosi nilifunga mashine mapema nikaenda Nkoma.

"Mwadila, mayu," nilimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, ng'wanone. Mhola?"

"Mhola duhu."

Aliniwekea sweta magotini kabla hata sijapewa maji ya kunywa. Nilihesabu matundu mpaka arobaini nikaacha. Viwiko havikuwepo kabisa.

"Shona," alisema.

"Mama, hii haishoneki. Nikivuta uzi hapa, unakatika pale."

"Wewe si fundi?"

"Fundi wa kushona, si wa kufufua."

"Basi usiniangalie kama daktari aliyekata tamaa. Sema unachoweza."

Nilichoweza kilikuwa kitu ambacho sijawahi kukifanya. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikitazama kwenye simu video za mama mmoja wa nchi za baridi. Sikuelewa hata neno moja la lugha yake. Nilisimamisha picha, nikahesabu vitanzi kwenye sindano yake, nikaandika kwenye daftari, nikairuhusu picha iendelee, nikaisimamisha tena. Alikuwa akifuma mkoba wa rangi nyingi kwa vipande vidogo vya mraba, kila kimoja kikiota ubavuni mwa mwenzake bila kushonwa. Ulipokwisha ulikuwa mkubwa, umelegea kama wavu. Kisha aliutia katika maji ya moto na sabuni, akausugua, na ukatoka mdogo, mnene na mgumu, bila tundu hata moja. Nilirudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Nilimweleza mama kadiri nilivyoweza kwamba ningemfumia mkoba kama ule. Uzi wa sweta ya baba ulikuwa umekatwa na nondo, hautoshi tena kufuma mkono wala kifua. Lakini kipande kidogo kinahitaji uzi mfupi tu. Nondo walikuwa wametuachia nyuzi fupi nyingi.

"Halafu unaitia kwenye maji ya moto," alisema.

"Ndiyo."

"Sweta ya baba yako unataka kuipika."

"Si kuipika, mama."

"Maji ya moto, sufuria, mwiko. Chumvi unaweka?"

Aliipapasa ile sweta kwa muda, akatia mkono katika sehemu ya mkono wa kushoto, kidole kikatokea tunduni. Ndipo akasema bila mzaha: "Ukiiharibu, sina kingine chake. Unalijua hilo?"

Nilimwambia nalijua. Aliikunja, akaifunga kwenye kitenge, akanipa.

Kwa sababu ya maneno yale nilifanya kila kitu polepole. Dukani kila uzi wa kufumia huitwa sufu, lakini mwingi umetengenezwa kiwandani kwa malighafi ya plastiki. Sufu ya kweli ni manyoya ya kondoo, na ni hiyo tu inayoshikamana katika maji ya moto. Njia ya kuitambua ni moto. Nilichoma uzi wa dukani, ukayeyuka ukawa kishanga cheusi. Nilichoma uzi wa sweta ya baba: ulijikunja, ukazimika wenyewe, ukanuka nywele zilizoungua. Fundi mwenzangu, ambaye mashine yake iko mkono wa kuume wa yangu, aliegemeza kiti nyuma akaniangalia.

"Fundi, mteja kakuletea nguo, wewe unaichoma?"

"Naipima."

"Unaipima kwa kiberiti. Kesho utaanza kupiga ramli, uache kabisa kushona suruali za watu."

Mnadani nilitafuta sweta nyingine za sufu, nikapata ya bluu na ya njano, zote zimechakaa, zote zimefaulu mtihani wa kiberiti. Sindano za kufumia ambazo watu wengi hapa wanatengeneza kwa spoki za baiskeli zilikuwa nyembamba mno, maana kazi hii inataka vitanzi vilegee. Nilichonga vijiti viwili vya unene wa penseli, nikavipiga msasa mpaka vikateleza. Nikafumua, nikashika nyuzi tatu pamoja, nikaanza.

Kipande kimoja kinaanza na vitanzi thelathini na moja. Kila baada ya mstari mmoja unapunguza viwili, pale katikati tu. Mkono unafuma mstari ulionyooka, lakini kazi yenyewe inajipinda, na ukiitandaza unakuta umepata kona. Vitanzi vinabaki ishirini na tisa, ishirini na saba, kumi na moja, vitatu. Mwisho kinabaki kimoja. Unakata uzi, unaupitisha, na mkononi una mraba kamili ambao hukuuchora wala kuukata. Mimi ninayekata vitambaa kwa chaki na rula tangu ujana nilikaa na mraba wa kwanza kwenye kiganja, nikaukunja pembe kwa pembe kuona kama utalingana. Ulilingana. Kipande cha pili unakiokotea vitanzi kwenye ukingo wa cha kwanza, na ukuta unapanda hivyo.

"Sasa umekuwa bibi kabisa," fundi mwenzangu alisema. "Bado miwani tu."

Lakini siku ya tatu alisogeza kiti akaomba nimwoneshe pale katikati panapunguzwaje.

Nilifua kipande cha majaribio kwanza. Kilikuwa na upana wa viganja viwili, kikarudi kama kiganja kimoja na nusu. Niliandika vipimo vyote. Kwa mahesabu yangu mkoba ungehitaji vipande ishirini na moja: tisa mbele, tisa nyuma, vitatu chini. Sweta ya baba ilitoa kumi na moja. Bluu na njano zilitoa sita. Vinne vilikuwa havijapata uzi, na nilikuwa nikifikiria kurudi mnadani, dereva wa bodaboda aliponiletea kopo la maziwa ya unga kutoka kwa mama. Ndani kulikuwa na donge la uzi mweupe. Alikuwa amesokota pamba ya shambani kwake kwa kiganja juu ya paja, namna walivyokuwa wakisokota tambi za taa. Uzi ulikuwa mnene hapa, mwembamba pale, lakini haukatiki.

Nilimpigia simu.

"Hiyo iweke mbele, watu waione," alisema. "Baba yako alikuwa mtu wa pamba. Sweta alinunua tu."

Sikuweza kukataa, na kusema kweli sikuona sababu ya kukataa. Hapo ndipo nilipokosea, na nadhani ni kosa ambalo mtu wa kwetu ndiye angelifanya. Nilikuwa nimeijaribu sufu ya baba, ya bluu na ya njano, kila moja kwa moto na kwa maji. Pamba sikuijaribu. Nimezaliwa ndani yake. Nimeipanda, nimeipalilia, nimeichuma, nimelala juu ya marobota yake. Ningeijaribu ili nijue nini? Nilifuma vipande vinne vyeupe, nikavipanga mbele vipishane na vitano vyekundu, nikaona ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Kuchemsha tulifanyia Nkoma, kwa sababu mama alitaka awepo. Tuliinjika sufuria kubwa uani asubuhi, tukaandaa beseni mbili, moja ya maji ya moto na moja ya maji ya kisima, na nusu mche wa sabuni. Mama aliuchukua mkoba, akautandaza kifuani kwake kupima ukubwa. Ulimfika kiunoni.

"Huu ni gunia," alisema.

"Utarudi."

"Na usiporudi?"

Niliutumbukiza. Nilisugua, nikakamua, nikageuza, nikahesabu mpaka mia mbili. Hakuna kilichotokea. Au tuseme kilichotokea ni kibaya zaidi: mkoba ulilegea, ukarefuka, vitanzi vikafunguka kama vinataka kuachana. Nilijua kutoka kwenye kipande cha majaribio kwamba sufu hulegea kwanza, lakini kujua hakukunisaidia. Mama alikuwa amesimama kando ameshika mwiko. Niliongeza maji ya moto. Nikautia katika maji baridi, nikaurudisha kwenye moto, vidole vyangu vikawa vyekundu kuliko uzi.

Kisha, bila mimi kubadilisha chochote, kitu kilishika.

Sijui namna bora ya kukisema. Nilihisi mikononi kabla sijakiona. Kilichokuwa kikiteleza kiliacha kuteleza, na kilichokuwa nyuzi kikawa kitu kimoja. Niliinua mkoba. Mistari niliyoifuma wiki sita ilikuwa ikizama mbele ya macho yetu, kitanzi baada ya kitanzi, kama nyayo kwenye tope zikijifunika. Nilitafuta mahali ambapo nilianzia kipande cha kwanza, mahali ninapopajua kama ninavyojua mlango wa nyumbani, sikupaona. Manyoya ya kondoo ambaye hatutajua alilishwa wapi, yakavaliwa na mtu nisiyemjua, yakavaliwa na baba, yakaliwa na nondo, yalikuwa yakishikana yenyewe kwa yenyewe, na hakuna aliyeyafundisha. Niliacha kusugua kwa muda. Nilikuwa naogopa, si kuharibu. Naogopa tu, kama mtu anavyoogopa akiwa mahali patakatifu.

"Geuza nione mbele," mama alisema.

Niligeuza. Vipande vyekundu vilikuwa vimejikaza. Vile vinne vya pamba havikuwa vimepungua hata kidogo. Vilikuwa vimebanwa na jirani zao kila upande, havina pa kwenda, na vikavimba kuelekea nje, vyeupe, vilivyofumuka manyoya, vinne, kila kimoja kama ngumi. Kazi iliyokuwa bapa na sawa ilikuwa na majipu. Na maji haya hayarudishi kitu. Hakuna kufumua tena.

"Mama, nimekosea," nilisema. "Pamba sikuipima. Nilipaswa kuipima."

Aliweka mwiko chini, akaja, akabonyeza uvimbe mmoja kwa kidole. Ukabonyea, ukarudi.

"Imepasuka," alisema.

"Haijapasuka, imevimba kwa sababu sufu—"

"Nakwambia imepasuka. Wewe hujui pamba ikipasuka shambani?" Akabonyeza wa pili. "Mti mwekundu umekauka, pamba imetoka nje. Hii ni ya kuchuma kesho. Kwani hukukusudia?"

Ningeweza kusema nilikusudia. Nilisema hapana. Nilimweleza kwamba sufu hujikunja ikipata moto na pamba haijikunji, na kwamba nilijua la kwanza nikasahau kuuliza la pili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa sauti, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu msibani.

"Baba yako naye ndivyo alivyokuwa. Akipata moto anajikunja huyo, anakwenda kukaa nyuma ya nyumba."

"Na wewe?"

"Nijikunje niende wapi? Suuza hiyo sabuni."

Nilisuuza mara nne. Alipoinama kuchukua mkoba aliuleta puani, akavuta pumzi, akavuta tena. Nilimwona uso ukibadilika. Ulinuka sabuni na kondoo aliyenyeshewa.

"Yeye hayumo," alisema.

Harufu yake pia sikuwa nimeipima. Tuliuvalisha mkoba juu ya dumu la lita kumi ili ukauke ukiwa na umbo, tukauweka kivulini, na mama akakaa karibu kufukuza kuku. Jioni nilirudi Bariadi. Njia nzima nilifikiria kwamba nimemfanyia kitu cha ajabu na kwamba nimemnyang'anya kitu, na sikuweza kupata kipimo cha kuvilinganisha.

Jumapili iliyofuata nilikwenda tena. Nilifika alfajiri kwa sababu nilipata lifti ya gari la pamba. Kulikuwa na baridi, na mama alikuwa tayari ameketi nje mlangoni. Mkoba ulikuwa mapajani mwake, umekauka, mgumu na mnene, hauna mishikio kwa sababu nilikuwa sijaishona. Nilikuwa nimeileta siku hiyo mfukoni.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya mkoba mpaka kwenye kiwiko. Alinisalimia bila kuutoa.

"Nimeleta mishikio," nilisema. "Nipe niishone."

"Ngoja jua likolee," alisema. "Kuna joto humu."